Kazi ya karani wa ankara: hotuba kwa vijana waliomaliza mafunzo ya ofisi, Lubumbashi

Hotuba hii ilitolewa mjini Lubumbashi, katika ukumbi wa parokia moja ya Katuba, mbele ya vijana waliomaliza mafunzo ya kazi za ofisi na wazazi wao. Tunaiweka hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa wazazi, baba na mama mlioacha shughuli zenu ili kuwasindikiza watoto wenu, walimu wenzangu, nanyi wadogo zangu, wasichana na wavulana mlioketi hapa mbele na vyeti vyenu mkononi, hamjambo?

Nimeombwa niwaeleze kazi ya mtu anayeandaa ankara katika kampuni, yule ambaye katika ofisi zetu za Lubumbashi anaitwa kwa kifupi mtu wa fakture. Baba mmoja ameniuliza pale mlangoni kama kweli hiyo ni kazi ya kumlipa mtu mshahara mwezi baada ya mwezi, kwa sababu hata mtoto wa shule ya msingi anajua kujumlisha. Baba yangu, swali lako ni zuri, na nitalijibu bila kulikwepa. Kujumlisha hakuhitaji mshahara, kwani leo mashine inajumlisha kuliko sisi sote tuliomo ukumbini. Mtu wa fakture analipwa kwa sababu kila nambari iliyo kwenye ankara inatakiwa iwe na karatasi nyuma yake, na iweze kuelezwa mbele ya mtu yeyote atakayeiuliza: mteja, mkubwa wa kazi, mkaguzi wa kodi, hata hakimu. Kama nambari haielezeki, haidaiwi. Hilo ndilo nitakalolisema leo kwa njia mbalimbali, na mkiona ninalirudia, mnivumilie.

Tuanzie sokoni. Mama anayeuza unga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hamwandikii mtu ankara kwa meka mbili, yaani makopo mawili ya kupimia, ya unga. Anapima, anapokea franka zake, wanaagana. Mali na fedha vimepishana kwa wakati mmoja, na hakuna kilichobaki cha kudaiwa. Ankara inazaliwa pale ambapo mali imetangulia na fedha inakuja nyuma: lori limekwisha kushusha mzigo Kolwezi, mgonjwa amekwisha kutibiwa, taa zimewaka mwezi mzima, na malipo bado. Katika muda huo wa kungojeana, watu husahau, wakubwa wa kazi hubadilishwa, na yule aliyekubali bei kwa mdomo pengine amekwisha kuhamia Kinshasa. Ni nani basi atakayekumbuka kwa ajili ya pande zote mbili? Nasema pande zote mbili kwa makusudi, kwa maana karani anayedhani kwamba anamfanyia kazi muuzaji peke yake hachelewi kuandika nambari ambazo mnunuzi atazikataa.

Jambo la kwanza ninalotaka mlishike ni hili: kazi ya ankara huanza kabla ya ankara. Kabla hujaandika mstari mmoja, unatakiwa uwe na karatasi tatu mbele yako. Ya kwanza ni ile inayoonyesha bei iliyokubaliwa, iwe mkataba au orodha ya bei. Ya pili ni agizo la mteja, linaloonyesha alichokiomba. Ya tatu ni hati ya kupokea mali, yenye sahihi na muhuri, inayoonyesha alichokipata. Je, kati ya hizo tatu, ni ipi inayosahauliwa mara nyingi? Ni ya tatu, kwa sababu hiyo ndiyo inayotoka mbali, tena mfukoni mwa mtu mwingine.

Sikilizeni kisa cha mifuko ya saruji. Mfanyabiashara mmoja wa mji huu alipata agizo la mifuko 600 ya kilo 50, yaani tani 30, kwa ajili ya ujenzi uliokuwa ukiendelea Likasi, kwa bei ya dola 12 kila mfuko. Lori lilipofika, mtunza ghala wa kule alihesabu mfuko kwa mfuko, akakuta 12 imepasuka na kulowa njiani. Akaikataa, akaandika 588 kwenye hati, akatia sahihi na muhuri, akampa dereva. Dereva akaitia hati hiyo mbele ya kioo cha lori, akaendelea na safari nyingine. Huku ofisini mwezi ulikuwa unafungwa, na karani, akisukumwa na haraka, aliandika ankara ya mifuko 600 kwa kufuata agizo.

Mnadhani mteja alilipa ile 588 na kuiacha ile 12? Hapana. Hakulipa hata mmoja. Katika kampuni kubwa, ofisi ya malipo haina ruhusa ya kusahihisha ankara ya mtu mwingine. Ofisi hiyo huilinganisha na hati yake ya ghala, na nambari zisipolingana, ankara inarudishwa ilikotoka na siku za kungojea malipo zinaanza kuhesabiwa upya. Kwa ajili ya mifuko 12, yaani dola 144, zaidi ya dola 7,000 zililala zaidi ya mwezi mmoja, wakati mfanyabiashara huyo naye alikuwa akidaiwa saruji hiyohiyo na aliyemuuzia. Na nani alikosea hesabu? Hakuna. 600 mara 12 ni 7,200, jana na leo. Hesabu ilikuwa sawa na ankara ilikuwa mbovu.

Kwa hiyo, wadogo zangu, karani anayeijua kazi yake anajua majina ya madereva wote na nambari zao za simu. Anajua zamu za mtunza ghala. Anajua kwamba siku ya kufunga mwezi inabidi ainuke kwenye kiti chake, ateremke uani, aulize: hati ya Likasi iko wapi? Nimewaona makarani wenye vyeti vikubwa kuliko vyenu ambao hawajawahi kukanyaga ghala la kampuni yao, na ankara zao hurudi kila mwezi.

Katika mkoa huu wetu wa migodi, hati hiyo ya tatu ina sura nyingi. Kwa anayesafirisha mawe ya madini, ni karatasi ya mizani ya malori, yenye uzito wa lori likiwa tupu na uzito wake likiwa limejaa. Kwa anayekodisha mashine ya kuchimba, ni daftari la saa za kazi, lililotiwa sahihi kila jioni na msimamizi wa mgodi. Kwa kampuni ya maji au ya umeme, ni usomaji wa mita, na hapa nawaomba wazazi wanisikilize pia, kwa sababu jambo hili linaingia nyumbani kwetu. Ankara nzuri ya mita inaonyesha nambari ya mwezi uliopita na nambari ya mwezi huu, ili mwenye nyumba aweze kwenda hadi kwenye mita yake, asome mwenyewe na kuitoa mwenyewe nambari ya zamani kwenye ile mpya. Mahali pasipo na mita, kiasi hukadiriwa, na makadirio ndiyo chanzo cha ugomvi usiokwisha, hasa katika parseli moja, yaani kiwanja kimoja, yenye wapangaji watano na ankara moja, ambapo mwenye friji na mwenye taa moja wanatakiwa kugawana deni. Karani hawezi kuumaliza ugomvi huo wa wapangaji, lakini anaweza kuandika wazi kwenye ankara kwamba nambari hii imesomwa kwenye mita au imekadiriwa. Mteja ana haki ya kujua.

Jambo la pili linahusu ankara yenyewe. Hapa nitapita haraka, kwa kuwa mengi mmekwisha kufundishwa darasani. Ankara ina nambari inayofuata ile iliyotangulia bila kuruka, ina tarehe, ina jina na anwani ya muuzaji pamoja na nambari yake ya kodi na ile ya daftari la biashara, RCCM, ina jina la mnunuzi, ina maelezo ya mali au huduma, kiasi, bei ya kimoja, jumla bila kodi, kodi, na jumla yote. Kodi ya ongezeko la thamani, ile tunayoiita TVA, ilianza kutumika nchini mwetu tarehe 1 Januari 2012, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Ile saruji yetu ya Likasi, baada ya kusahihishwa, ilitoa mifuko 588 kwa dola 12, yaani dola 7,056. Kodi yake dola 1,128.96, jumla dola 8,184.96. Fedha ya kodi kampuni inaipokea kwa niaba ya Serikali, na itabidi iitangaze na kuilipa. Kwa sababu hiyo, mfanyabiashara ambaye hakuandikishwa kwa kodi hiyo haruhusiwi kumdai mteja TVA, hata kama jirani yake anaidai. Idara ya kodi, DGI, imekwisha kuleta pia ankara sanifu, inayopitia kifaa au programu ya kielektroniki iliyokubaliwa na idara hiyo, na nawashauri mjifunze utaratibu wake mapema kabla ya kuulizwa na mwajiri. Tena, tangu nchi yetu ilipoingia mwaka 2012 katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazofuata sheria moja za biashara, hesabu za kampuni zinafuata utaratibu mmoja na nchi nyingine wanachama, na karatasi za hesabu, ankara zikiwemo, zinahifadhiwa kwa miaka 10. Miaka 10! Mtoto anayezaliwa leo atakuwa shule ya msingi, na ankara yako bado inaweza kutolewa kabatini.

Lakini kuna mstari mmoja ambao sitaki kuupita haraka, kwa sababu hapa kwetu ndio unaochoma watu. Ni mstari wa sarafu.

Wazazi mlio hapa mnakumbuka. Mwaka 1993 zaïre mpya moja, fedha yetu ya wakati ule, ilichukua nafasi ya zaïre milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 franka moja ya Kongo ilikuja kuchukua nafasi ya zaïre mpya 100,000. Waliokuwa wakiandika ankara katika miaka ile walikuwa wakiziandika asubuhi wakijua kwamba jioni nambari haitakuwa na maana ileile. Watu wakajifunza kuhesabu kwa dola, na hadi leo tunaandika kwa dola na kulipa kwa franka, au kinyume chake, kama vile jambo hilo halina matata yoyote.

Matata yapo. Kiwanda kimoja cha kuchapisha vitabu hapa mjini kilimwandikia mteja ankara ya dola 1,000. Mteja alilipa baada ya wiki tatu, kwa franka, akitumia kiwango cha siku ambayo ankara iliandikwa. Katika wiki hizo tatu franka ilikuwa imeshuka. Mwenye kiwanda alipobadilisha fedha yake hakuzipata dola 1,000, akadai kilichopungua. Mteja naye akaitoa ankara, akaiweka mezani, akauliza: «Nionyesheni mahali palipoandikwa kwamba nitafuata kiwango cha leo.» Hapakuwepo mahali. Nani alikuwa na haki? Kila mmoja alikuwa na haki yake kichwani, na kwenye karatasi hakuna aliyekuwa nayo. Walibishana, wakagawana hasara, na mteja hakurudi tena.

Maneno machache tu yangezuia ugomvi ule: deni hili ni la dola, likilipwa kwa franka, kitafuatwa kiwango cha Banki Kuu ya Kongo cha siku ya malipo. Taja siku na taja kiwango ni cha nani, kwa sababu Banki Kuu ina chake na wabadilisha fedha walioketi barabarani wana chao. Na msidhani kwamba mstari huo unamlinda muuzaji peke yake. Franka ikipanda, unamlinda mteja.

Jambo la tatu: ankara iliyoandikwa haijawa ankara iliyopokelewa. Karani huipeleka au huituma, kisha huhakikisha kwamba nakala moja imerudi na muhuri wa kupokea na tarehe. Siku 30 za kulipa huhesabiwa kuanzia wapi, kama hakuna anayejua siku ilipofika? Baada ya hapo karani huingiza kila malipo katika hesabu ya mteja anayehusika, hulinganisha na karatasi za benki, na kila wiki hupanga madeni kwa umri: yaliyo chini ya siku 30, yaliyofikia 60, yaliyopita 90. Orodha hiyo ya umri wa madeni ndiyo karatasi ambayo mkubwa wa kazi huiomba kwanza, hata kabla ya chai yake ya asubuhi.

Sehemu ngumu ni kujua malipo ni ya nani. Zamani mtu alikuja na fedha mkononi na jina lake kinywani. Leo fedha inaingia kwa simu, kwa M-Pesa, kwa Airtel Money, kwa Orange Money, na mara nyingi haina jina unalolifahamu. Mama mmoja mwenye duka la dawa alikuwa akilipa deni lake kila mwezi kupitia simu ya mtoto wa dada yake, kijana anayeishi Ruashi. Kule kwa msambazaji wa dawa, fedha ilionekana ikiingia kwa jina la kijana huyo, ambaye hakuwa mteja wao. Karani aliiweka kando, katika hesabu ya malipo yasiyojulikana, akaendelea na kazi nyingine. Akaiweka kando na mwezi wa pili. Akaiweka kando na mwezi wa tatu. Mwishoni mama alipokea barua kali ya kumwambia kwamba hatapewa dawa tena kwa sababu hajalipa miezi mitatu.

Fikirini wenyewe, kama angekuwa mama yenu, angefika ofisini na uso gani? Alifika na jumbe zote tatu za malipo ndani ya simu, alizozihifadhi kwa uangalifu kuliko ofisi nzima. Aliombwa radhi, bila shaka. Lakini jambo lililotakiwa kufanyika lilikuwa rahisi mno: kupiga ile nambari ya simu siku ya kwanza na kuuliza, «Ndugu, umetulipa, unamlipia nani?» Malipo yasiyojulikana ni deni la karani, wala asiyaache yalale hadi mwisho wa mwezi. Na kwenye ankara aandike wazi kwamba anayelipa kwa simu ataje nambari ya ankara.

Niongeze mawili kabla ya kutoka hapa. Kwanza, anayeandika ankara asishike fedha taslimu. Kama mkubwa wa kazi atakuambia uandike na upokee pia, kwa sababu eti kampuni ni ndogo, mwombe kwa heshima amweke mtu mwingine kwenye kasha, kwa usalama wako kuliko hata wa kampuni, kwani siku fedha itakapopungua hutakuwa na shahidi. Pili, ankara iliyotoka haifutwi, haichanwi, wala haibadilishwi kimyakimya kwenye mashine. Likiwepo kosa, unatoa hati nyingine ya kupunguza deni, yenye nambari yake na inayotaja ankara ya kwanza. Mkaguzi akikuta nambari 214 na 216 bila 215, hatakuuliza kuhusu zile mbili zilizopo.

Na ukumbusho wa deni? Uandikwe kabla ya siku kufika, kwa adabu, ukitaja nambari na tarehe. Mtu mzima anayedaiwa hastahili kuitwa mbele ya watu. Ukimpigia simu, mwamkie kwanza, umwite baba au mama kama inavyostahili, kisha useme jambo lako bila kulizungusha.

Sasa nifike kwenye jambo la nne, ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote matatu: kuieleza ankara kwa mtu anayetakiwa kuilipa. Nitazungumzia hospitali, kwa sababu pale mteja hakuja kununua alichokipenda.

Mfahamu kwamba katika nchi kama Marekani, ankara za hospitali ni taaluma nzima yenye watu wengi, kwa kuwa mara nyingi anayelipa ni bima. Kila ugonjwa huandikwa kwa alama kutoka katika orodha ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani, ambayo toleo lake la kumi lilianza kutumika katika hospitali za Marekani mwezi Oktoba 2015, na alama moja ikikosewa bima inaweza kukataa kulipa. Hapa kwetu, sheria ya kazi inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi na jamaa yake, na kwa hiyo katika mji wa migodi kama huu ankara nyingi za hospitali huenda kwa kampuni, pamoja na hati aliyokuja nayo mgonjwa. Hati ikikosekana, au ikiwa na jina la mtoto mwingine, kampuni inairudisha ankara kama ilivyorudi ile ya saruji. Lakini vipi kuhusu mgonjwa ambaye hana kampuni? Yeye hupewa karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa, iliyojaa vifupisho, na jicho lake linakwenda moja kwa moja chini, kwenye jumla.

Mama mmoja alijifungua kwa upasuaji katika hospitali fulani ya mkoa huu. Siku ya kutoka, kaka mkubwa wa mume wake alifika kwenye dirisha la ankara akiwa amewaka hasira, akasema kwa sauti kubwa: «Mnatuibia!» Karani alikuwa dada kijana, umri wenu hasa. Angeweza kumjibu kwamba nambari imetolewa na mashine. Wengi hujibu hivyo, na jibu hilo ni baya kwa sababu linamwambia mteja kwamba hakuna mtu wa kuulizwa. Yeye aliinuka, akatafuta viti viwili, akasema: «Baba mkubwa, karibu uketi. Acha nimuulize kwanza mama kama anakubali niisome ankara yake nawe, kisha tutaipitia mstari kwa mstari.»

Hebu tulieni kidogo kwenye neno hilo, acha nimuulize kwanza mama. Kwa nini alimuuliza? Kwa sababu ankara ya hospitali inataja vipimo na dawa, na mstari mmoja wa kipimo, ukisomwa mbele ya mtu asiyehusika, unaweza kuvunja ndoa. Sheria yetu ya adhabu inalinda siri ya kazi, na anayekaa kwenye dirisha la ankara anaona mambo mengi kama daktari. Siri aliyoiona kwenye karatasi haiendi naye nyumbani, haiendi naye kanisani, haiingii kwenye simu yake.

Mama alikubali. Dada akaanza kusoma kwa Kiswahili: huu ni upasuaji wenyewe, hii ni dawa ya ganzi, hizi ni glavu na nyuzi za kushonea, hizi ni siku za kitanda, siku tano. Baba mkubwa akamkatiza. «Siku tano? Tulimleta Jumatatu usiku, na leo ni Ijumaa asubuhi.» Wakahesabu usiku pamoja: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Ni minne. Siku ya kutoka ilikuwa imehesabiwa kama siku ya kulala. Dada hakurekebisha papo hapo kwa kalamu. Alikwenda wodini, akamwomba muuguzi mkuu athibitishe kwa sahihi, kisha akatoa hati ya kupunguza deni na jumla mpya.

Je, jumla hiyo mpya ilikuwa ndogo? Haikuwa ndogo. Baba mkubwa hakuondoka akicheka. Lakini aliketi, akaomba kulipa kwa sehemu tatu, maombi yakapelekwa kwa msimamizi, yakakubaliwa na kutiwa sahihi na wote wawili. Mtu aliyekuja kusema «mnatuibia» aliondoka akiwa anajua anadaiwa nini, kwa sababu gani na hadi lini.

Nalisema hili nikijua vizuri kwamba katika hospitali nyingi za nchi yetu mama aliyekosa fedha huzuiliwa wodini hadi jamaa zake walipe. Mimi naliona kuwa jambo la aibu, kwa kuwa binadamu hawekwi rehani. Najua pia kwamba hospitali inanunua dawa na kulipa wauguzi, na kwamba karani hana amri ya kulifuta zoea hilo peke yake. Anachoweza kukifanya, na wachache sana wanakifanya, ni kumwambia mgonjwa mapema. Siku ya kuingia, jamaa wapewe makadirio kwa maandishi. Kila siku mbili waambiwe deni limefika wapi. Familia inayojua tangu Jumanne kwamba fedha haitatosha ina siku tatu za kumpigia simu mjomba aliyeko Kipushi, kuomba katika chama cha akiba, au kuzungumza na msimamizi. Familia inayoambiwa Ijumaa asubuhi mlangoni haina la kufanya isipokuwa kulia au kupiga kelele. Tofauti ya Ijumaa hizo mbili iko katika mikono ya karani wa ankara, na hapo, baba yangu uliyeniuliza mlangoni, mshahara wake umekwisha kupata maelezo.

Wadogo zangu, nimalizie na jambo mtakalokutana nalo wiki zijazo, nalo ni mtihani wa kuajiriwa. Mara nyingi mtapewa orodha ya bei, agizo na hati ya kupokea mali, mtaambiwa mwandike ankara, na muda mtakaopewa utakuwa mfupi. Wengi watakimbilia kikokotoo. Msikimbilie. Someni karatasi zote kwanza, kwa sababu anayetunga mtihani huo kwa kawaida hutia kasoro ndani yake: kiasi kilichopokelewa hakilingani na kilichoagizwa, au sahihi ya kupokea haipo, au mali imepokelewa kabla ya kuagizwa, au bei ni ya dola na agizo ni la franka. Mkiiona kasoro, msiifiche wala msiitengeneze kwa kubahatisha. Andikeni ankara ya kile kilichothibitishwa, kisha ukingoni mwa karatasi mwandike swali lenu kwa msimamizi, mkitaja nambari ya hati. Programu wanayoitumia mtafundishwa kwao, na namna yao ya kupanga nambari pia.

Muda uliobaki ni wa maswali. Wazazi nao wakaribie kuuliza, na mwenye ankara yoyote asiyoielewa nyumbani kwake ailete hapa mbele tuisome.